Tani ya kaboni hupimwa jikoni: Kazi ya kila siku ya meneja uendeshaji

Katika miaka ya karibuni mafundi wa majiko, wenye maduka na watu wenye akiba ndogo wamekuwa wakifuatwa na kampuni changa zinazosambaza majiko banifu vijijini. Fundi huombwa atengeneze majiko 2,000 na kuvumilia malipo. Mwenye duka huombwa awe wakala. Mwenye akiba huombwa anunue hisa, au aikopeshe kampuni kwa riba inayozidi ya benki. Wote hupewa maelezo ya aina moja, kwamba fedha zitaingia pale hati za kaboni zitakapouzwa nje ya nchi.

Biashara yenyewe ni halali na msingi wake ni rahisi kuelewa. Kaya iliyokuwa ikipikia mafiga matatu ikipata jiko banifu hutumia kuni chache zaidi. Kuni zisizochomwa ni hewa ukaa isiyokwenda angani. Kila tani moja ya hewa ukaa iliyookolewa, ikishathibitishwa na mkaguzi wa nje, hutolewa hati moja na taasisi kama Verra au Gold Standard, na hati hiyo hununuliwa na kampuni za ng'ambo zinazotaka kufidia moshi wao. Kwa hiyo jiko huuzwa kwa bei ya chini, pengine hutolewa bure, na faida hutafutwa kwenye hati.

Ugumu upo katika kujua kama bidhaa ipo. Mnunuzi wa mahindi anaweza kuingiza bambo kwenye gunia akaona punje. Mnunuzi wa hati ya kaboni hana gunia la kuchoma bambo. Mkurugenzi wa kampuni atamweleza juu ya bei ya soko, na mhasibu atamwonyesha makadirio ya mapato ya miaka 10. Anayejua kama tani zipo kweli ni mtu wa tatu, ambaye mara nyingi hayupo ofisini siku mgeni anapofika: meneja uendeshaji. Anayetaka kutia fedha zake katika kampuni ya namna hii hana budi kuielewa kazi yake.

Hesabu ya jiko moja

Kabla ya kuingia katika kazi hiyo, ni vema kuona tani moja inapatikanaje. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, isipokuwa ile ya kugeuza kuni kuwa hewa ukaa, ambayo hutokana na viwango vinavyotumika kimataifa.

Chukulia kaya ya watu watano inachoma tani mbili na nusu za kuni kwa mwaka. Jiko jipya linapunguza matumizi kwa asilimia 40, yaani tani moja ya kuni inaokolewa. Tani moja ya kuni kavu ikichomwa hutoa takriban tani 1.75 za hewa ukaa. Hata hivyo si zote zinazohesabiwa, kwa kuwa mti uliokatwa ukiota tena huirudisha hewa hiyo. Kinachohesabiwa ni ile sehemu ya kuni inayokatwa kupita kasi ya msitu kuota tena.

Hapo ndipo wengi walipojengea matumaini makubwa. Katika viwango vya nchi vilivyopitishwa chini ya mfumo wa Umoja wa Mataifa mwaka 2012, sehemu hiyo ilikadiriwa kuwa asilimia 92 kwa Kenya na asilimia 82 kwa Uganda. Viwango hivyo vilikwisha muda wake, na kiwango cha tahadhari kilichowekwa kwa asiye na vipimo vipya ni asilimia 30. Kampuni iliyopanga bajeti kwa asilimia 90 ikajikuta inahesabiwa kwa asilimia 30 imepoteza theluthi mbili za mapato yake kabla ya kugawa jiko hata moja.

Tarakimu ya mwisho ni ya majiko yanayotumika kweli. Kampuni yenye majiko 10,000, ikihesabiwa kwa asilimia 90 ya kuni zisizorudi na asilimia 90 ya majiko yanayotumika, hupata hati kama 14,000 kwa mwaka. Ikihesabiwa kwa asilimia 30 na majiko yanayotumika yakawa yaleyale asilimia 90, hupata 4,725. Majiko yanayotumika yakishuka hadi asilimia 60, hati hubaki 3,150.

Kwa bei ya mfano ya dola 8 kwa hati na dola moja kwa Sh. 2,500/=, kiwango cha kwanza ni zaidi ya Sh. milioni 280 kwa mwaka, cha pili ni Sh. milioni 94.5 na cha tatu ni Sh. milioni 63. Ikiwa kila jiko liligharimu Sh. 20,000/= kutengenezwa na kufikishwa kijijini, mtaji wa majiko pekee ni Sh. milioni 200. Katika hali ya kwanza mtaji unarudi kabla ya mwaka kwisha. Katika hali ya pili unarudi baada ya miaka miwili na kidogo, na katika ya tatu baada ya miaka mitatu na zaidi, bila kuhesabu mishahara, mafuta ya gari na ada ya wakaguzi. Jiko la bei hiyo lenye kikombe cha udongo, likipikiwa kila siku, huenda likawa limekwisha pasuka kabla mtaji haujarudi.

Bei ya hati huamuliwa na wanunuzi wa nje, na sehemu ya kuni isiyorudi huamuliwa na wataalamu wa misitu. Vyote viwili havimo mikononi mwa kampuni. Kinachobaki ndani ya uwezo wake ni mambo mawili: kiasi cha kuni ambacho jiko linaokoa kweli, na idadi ya majiko yanayowashwa. Hayo ndiyo yanayomwamsha meneja uendeshaji alfajiri.

Kuanzia ghalani

Siku yake huanza na simu ya dereva. Jiko la udongo haliipendi barabara ya vumbi yenye makorongo. Linapakiwa kwa nyasi au maranda katikati, na bado mengine hufika yamepata nyufa. Meneja asiye makini huyahesabu majiko yaliyotoka ghalani, wakati mwangalifu huyahesabu yaliyopokelewa na kaya. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni hasara ya kampuni, na mwekezaji anaweza kuiulizia kwa urahisi kwa kuwa stakabadhi za pande zote mbili lazima ziwepo.

Baada ya ghala huja kalenda. Wakati wa masika magari hukwama na kuni huwa mbichi. Wakati wa kulima watu hushinda shambani, na anayebisha hodi saa nne asubuhi hukuta watoto. Baada ya mavuno kaya huwa na fedha kidogo, na kama jiko linauzwa kwa kuchangia huu ndio wakati wake. Meneja anayetoka mjini na ratiba ya kugawa majiko 500 kila wiki mwaka mzima hajapata kuishi kijijini.

Kisha kuna daftari. Kila jiko lina namba yake. Kila namba inatakiwa iwe na jina la mpokeaji, kijiji na kitongoji, namba ya simu, mahali nyumba ilipo kwa vipimo vya setilaiti, tarehe, picha, na karatasi iliyotiwa saini au dole gumba ambamo kaya inakubali kuwa haki ya hewa ukaa iliyookolewa ni ya kampuni. Karatasi hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote, ingawa bila hiyo kampuni inauza mali isiyo yake.

Kila jioni daftari husafishwa. Namba moja ya simu inaonekana kwenye kaya 14: ni ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa majirani wengi hawana simu. Picha moja imetumika mara tatu: msambazaji anayelipwa kwa idadi ya majiko alichoka akaamua kujisaidia. Majina mawili yanafanana, na kumbe ni wake wenza wenye majiko mawili halali katika ua mmoja. Kila moja lina maelezo yake, na meneja asipoyapata siku hiyo hatayapata tena baada ya miezi minane mkaguzi atakapouliza. Malipo ya wasambazaji nayo yanahitaji uangalifu. Anayelipwa kwa kila jiko lililogawiwa ataleta majiko yaliyogawiwa. Kampuni zilizojifunza huzuia sehemu ya ujira hadi jiko likutwe likitumika baada ya miezi mitatu.

"Jana usiku mlipika nini?"

Sehemu ngumu zaidi ya kazi ni kujua kama jiko linapikiwa. Afisa wa kampuni akibisha hodi, akaketishwa kwenye kigoda na kuuliza, "Mama, jiko letu linaendeleaje?" jibu analijua kabla hajalisikia: "Zuri sana, mwanangu, Mungu awabariki." Mama huyo hasemi uongo. Anamheshimu mgeni aliyempa kitu, na pengine anaogopa jiko litachukuliwa. Kampuni inayojaza fomu kwa majibu ya namna hiyo itapata matumizi ya asilimia 95 kila mwaka.

Afisa aliyefundishwa vizuri huuliza mambo mengine. Jana usiku mlipika nini? Mlikuwa wangapi? Maharage mliyapikia wapi? Huomba kuona jikoni, akatazama majivu kama ni ya leo, akashika ukuta nyuma ya mafiga kuona masizi mapya. Mara nyingi atakuta vyote viwili vinatumika: jiko jipya kwa chai na mboga, mafiga kwa ugali wa watu tisa au sufuria ya maharage ambayo haienei kwenye jiko dogo. Matumizi hayo ya pamoja si kosa la mama. Ni taarifa kwa meneja kwamba jiko lilinunuliwa la ukubwa usiofaa, na kwamba kuni zilizookolewa ni chache kuliko zilizoandikwa kwenye makadirio.

Kuni zenyewe hupimwa kwa mzani. Kaya zilizochaguliwa kama kwa bahati nasibu hutembelewa kwa siku tatu au zaidi mfululizo, kuni zikapimwa asubuhi na kupimwa tena kesho yake, na walaji wakahesabiwa. Msiba ukitokea ndani ya siku hizo, au mtoto akirudi kutoka shule ya bweni, kipimo hupotoka. Kuni mbichi huwa nzito kuliko kavu, hivyo unyevu nao hupimwa. Miradi midogo mingi hutakiwa kufikia uhakika wa asilimia 90 na kosa lisilozidi asilimia 10. Kaya zikitofautiana mno, kampuni huongeza kaya za kupima au hukubali kuhesabiwa kwa kiwango cha chini. Kuokoa gharama kwa kupima kaya chache, kwa hiyo, huweza kugeuka kuwa hasara kubwa wakati wa kutolewa hati.

Siku hizi kuna jambo jingine la kuandika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi ya ruzuku imefika hadi vijijini. Ni habari njema kwa kaya. Kwa meneja ina maana kwamba kaya iliyopata mtungi haichomi tena kuni zilezile zilizopimwa mwanzoni, na kampuni haiwezi kudai tani ambazo gesi ya serikali ndiyo iliyoziokoa.

Tarakimu mbaya zinapokwenda juu

Ijumaa jioni meneja hukaa na mkurugenzi. Ana habari kwamba kati ya kaya 200 zilizotembelewa, 118 tu ndizo zinazotumia jiko. Mkurugenzi tayari amemwahidi mnunuzi hati kwa hesabu ya asilimia 90, na mnunuzi ametoa malipo ya awali ambayo yamekwisha kununulia majiko mengine. Mazungumzo ya nusu saa hiyo yana uzito kuliko ripoti yote ya mwaka.

Yanayoweza kutokea si ya kubuni. Januari 2024 jarida la Nature Sustainability lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioona kuwa miradi ya majiko waliyoichunguza ilipewa hati nyingi kuliko zilizostahili kwa wastani wa mara 9.2. Miongoni mwa sababu walizotaja ni makadirio ya juu ya kuni zisizorudi na ya matumizi ya majiko, na kutohesabu vizuri mafiga yanayoendelea kutumika. Miradi inayopima matumizi kwa mita, kama ya gesi na umeme, ndiyo iliyokosea kidogo kuliko mingine.

Juni mwaka huohuo Verra ilisimamisha miradi 27 ya majiko ya C-Quest Capital, kampuni ya Marekani, baada ya kampuni yenyewe, ikiwa na uongozi mpya, kutangaza kuwa imegundua makosa katika takwimu. Oktoba waendesha mashitaka wa New York walidai kuwa matokeo ya uchunguzi wa majiko yalichezewa ili zipatikane hati zaidi na wawekezaji washawishike. Mwanzilishi wa kampuni alikanusha. Aliyekuwa mkuu wa uendeshaji alikiri makosa na kukubali kushirikiana na wapelelezi.

Cheo hicho kikumbukwe. Katika kampuni ya kaboni mtu wa uendeshaji ndiye anayeshika mizani, na anayeshika mizani ndiye wa kwanza kuombwa aibane kidogo.

Soko nalo limeanza kubagua. Verra ilitoa utaratibu mpya wa majiko, uitwao VM0050, Oktoba 2024, wenye masharti makali zaidi ya vipimo. Hati zilizozalishwa kwa taratibu za zamani na zile za taratibu mpya zinaweza kuwa na jina moja la mradi na jiko lilelile, lakini mnunuzi hazioni kuwa ni mali ya aina moja. Kampuni ndogo yenye daftari safi tangu siku ya kwanza ina nafasi ya kuhamia utaratibu mpya. Yenye daftari la kubuni haina la kuhamisha.

Serikali hali kadhalika zimeingia. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023 na kuweka kanuni za soko la kaboni mwaka 2024. Kutokana na hatua hizo meneja hutumia siku nyingi katika ofisi za umma, akifuatilia usajili na vibali. Hati yenye barua ya idhini ya nchi inapotoka hukubalika katika masoko ambayo isiyo na barua haiingii, hivyo siku hizo hazipotei bure, ingawa kwenye hesabu za mwezi huonekana kama nauli na posho tu.

Anachoweza kuulizia mwenye fedha

Mwekezaji mdogo hahitaji kuwa mtaalamu wa hewa ukaa. Anaweza kuomba kuonana na meneja uendeshaji bila mkurugenzi kuwepo, na kumwuliza ni kaya ngapi zilitembelewa robo ya mwaka iliyopita na ngapi zilikutwa hazitumii jiko. Jibu la sifuri halifai, na jibu la "hatujahesabu" halifai zaidi. Aulize majiko yaliyopasuka hubadilishwa na nani na kwa fedha za fungu gani. Kampuni isiyo na fungu la matengenezo inatarajia kuuza hati za majiko yaliyotupwa jalalani. Achague mwenyewe namba 10 kutoka daftarini na apige simu, au kama yuko karibu, aende. Picha za akina mama wanaotabasamu kwenye kijitabu cha kampuni hazimwambii lolote.

Aulize pia bajeti imefanywa kwa asilimia ngapi ya kuni zisizorudi. Swali hili moja huwashtua wengi, maana hawakutegemea kuulizwa na mwenye duka.

Kwa fundi na wakala shauri ni la muda zaidi kuliko la ukweli. Hata kampuni aminifu hungoja mradi usajiliwe, vipimo vya mwaka vikamilike, mkaguzi aje, ripoti yake ipitiwe, kisha ndipo hati zitolewe. Mara nyingi zaidi ya mwaka hupita kati ya jiko kufika kijijini na fedha ya kwanza kuingia benki. Fundi aliyenunua bati na kuchoma udongo kwa mkopo wa miezi sita hawezi kungoja hivyo. Ni afadhali alipwe sehemu kubwa anapokabidhi mzigo na kubakiza kidogo kwa ajili ya majiko yatakayopasuka mapema, ambayo hata hivyo ni dhamana yake. Mkataba ukisema atalipwa "baada ya mauzo ya hati", aombe iandikwe ni hati za mwaka upi, mkaguzi amepangwa kuja lini, na nani atamlipa iwapo mkaguzi atakubali nusu tu ya majiko.